Jicho Linalowasha na Jicho Lililonyamaza

Mazungumzo ya daktari wa macho mbele ya watumiaji wa huduma za afya



Nimeombwa nizungumze juu ya magonjwa ya macho kwa upande wa mnunuzi, yaani yule anayetoa fedha yake dukani au hospitalini na mwenye haki ya kujua anachokinunua. Majina ya kitabibu nitayapunguza kadiri niwezavyo. Nitayabakiza yale tu yatakayowafaa mtakapokuwa mmesimama mbele ya kaunta ya famasi.

Watu wengi hulipima jicho kwa maumivu na kwa wekundu. Likiwasha na kutoa tongotongo, nyumba nzima huhangaika, na dawa hununuliwa siku hiyo hiyo. Lisipouma, husemwa kuwa ni zima. Kipimo hicho kinatudanganya. Macho mengi mekundu hupona yenyewe bila dawa yoyote. Kwa upande mwingine, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo, haina hisia ya maumivu. Inaweza kuvuja damu, kuvimba, hata kubanduka, na mwenyewe asisikie chochote. Kwa hiyo fedha hutumika haraka pale ambapo mara nyingi hazihitajiki, na pale zinapohitajika kweli hazitolewi mpaka uwezo wa kuona umekwisha kupungua.

Nianze na jicho jekundu, kwa kuwa hilo ndilo linalowapeleka wengi dukani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na kufika mikoa mingine. Ulisababishwa na virusi. Jicho la kwanza liliwasha na kutiririsha machozi, na baada ya siku chache la pili likafuata. Virusi haviuawi na antibiotiki. Ugonjwa wa namna hiyo huisha wenyewe kwa wiki moja hadi tatu, na kinachomsaidia mgonjwa ni kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi, taulo lake peke yake, na mikono inayooshwa kwa sabuni kila inapogusa uso. Aliyenunua chupa tatu za dawa akapona siku ya kumi, huenda angepona siku hiyo hiyo kwa gharama ya kipande cha sabuni.

Bakteria nao huleta jicho jekundu, lakini hapo asubuhi kope huwa zimegandana kwa usaha mzito wa njano au kijani. Dawa za kawaida na za bei nafuu, kama matone ya kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaiklini, hufupisha ugonjwa huo. Mzio ni jambo la tatu: macho yote mawili huwasha sana, hasa ya watoto, hurudi msimu baada ya msimu, na mtoto huyasugua mchana kutwa. Vikope, yaani trakoma, vina tiba yake. Katika wilaya zilizoathirika hutolewa vidonge au maji ya azithromaisini kwa jamii nzima. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuwaosha watoto uso, pamoja na dawa, kulipunguza trakoma kali.

Hayo yote hayanitishi sana. Linalonitisha ni jicho jekundu lenye mojawapo ya dalili hizi: maumivu ya ndani yanayomnyima mtu usingizi, kuona kulikopungua, mwanga unaochoma hata mgonjwa akakaa gizani, au doa jeupe juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Ongezeni hapo jicho lililochomwa na jani, suke au kijiti, jicho la mtu avaaye lenzi, na jicho la mtoto mchanga aliyezaliwa mwezi huu. Hawa wasianzie dukani. Usaha wa mtoto mchanga unaotokana na vijidudu vya kisonono unaweza kuitoboa konea kwa siku chache tu. Maziwa ya mama ni chakula chake bora, lakini si dawa ya jicho lake, na ninalisema hili kwa heshima zote kwa bibi zetu waliotufundisha kinyume.

Sasa nifike kwenye chupa yenyewe.

Chukulieni mkulima anayevuna mpunga. Suke linampiga jichoni, na baada ya siku mbili jicho ni jekundu na linauma. Anakwenda dukani, anaulizwa swali moja, nalo ni la kiasi gani cha fedha anacho. Anapewa matone yenye mchanganyiko wa antibiotiki na steroidi. Kesho yake wekundu umepungua na maumivu yametulia, naye anamshukuru muuzaji na kurudi shambani. Kumbe ndani ya konea yake imeota kuvu iliyoletwa na suke, na steroidi imewanyamazisha walinzi wa mwili waliokuwa wakipambana nayo. Kuvu sasa inakula bila kusumbuliwa. Baada ya wiki mbili au tatu doa jeupe limetanda, na safari ya hospitali ya rufaa inaanza wakati sehemu kubwa ya konea imekwisha kuharibika. Dawa iliyofaa ni natamaisini, ambayo tangu mwaka 2017 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutiwa kila saa mwanzoni, na huchukua wiki nyingi. Mkulima huyo akiwahi, doa lake huwa dogo na jicho linaweza kuokolewa.

Steroidi si sumu. Mimi mwenyewe huziandika kila wiki, kwa uvimbe wa ndani ya jicho, kwa mzio mkali, na baada ya upasuaji. Lakini huziandika baada ya kuangalia, na huwaita wagonjwa warudi nipime presha ya jicho, kwa sababu zikitumiwa kwa wiki kadhaa zinaweza kuipandisha presha hiyo na kuua mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu. Zikitumiwa kwa muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho. Mtoto mwenye mzio, ambaye mama yake hurudi dukani kila mwezi kwa chupa ile ile kwa kuwa "inamtuliza," anaweza kufika darasa la tano akiwa ameshapoteza uoni wa pembeni. Mtoto huyo hakuwa na ugonjwa wa kupofusha. Upofu umetoka kwenye chupa.

Mtaitambuaje? Someni maandishi madogo. Majina kama deksamethasoni, betamethasoni, haidrokotisoni na prednisoloni ni ya steroidi. Kwenye lebo ya Kiingereza, majina ya kundi hili kwa kawaida huishia na herufi s-o-n-e au l-o-n-e. Mkiona jina la namna hiyo na hakuna aliyelitazama jicho lenu, irudisheni chupa kabla hamjalipa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kulitazama jicho si jambo la gharama kubwa. Tochi tu huonyesha doa jeupe. Karatasi yenye rangi ya machungwa iitwayo floresini ikigusishwa kwenye jicho, kisha likamulikwa kwa mwanga wa buluu, kidonda chochote cha konea hung'aa kijani. Kidonda cha virusi vya hepesi huonekana kama tawi la mti lenye vitawi vyake, na huyo naye steroidi ingemwangamiza. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na kituo kinachojitangaza kuwa kinatibu macho kinapaswa kuwa nacho. Ulizeni: "Je, mmeipaka rangi konea yangu?" Pale kidonda kinapokuwa kikubwa, daktari hukwangua kidogo na kupeleka maabara kuangalia kwa hadubini kama ni bakteria au kuvu. Fedha ya kipimo hicho ikiwauma, fikirini gharama ya kutia dawa isiyo yake kwa mwezi mzima.

Niongeze machache kuhusu matumizi, kwani dawa nyingi humwagika bure. Mfuko wa kope ya chini hubeba tone moja tu. La pili hutiririka shavuni, na fedha yenu hutiririka pamoja nalo. Tieni tone moja, fumbeni jicho kwa dakika moja au mbili, na kama kuna dawa ya aina nyingine subirini dakika tano. Ncha ya chupa isiguse kope. Chupa ikishafunguliwa, andikeni tarehe juu yake kwa kalamu, na baada ya siku 28 itupeni hata kama imebaki nusu, isipokuwa lebo yake iseme vinginevyo. Wala msimpe jirani iliyobaki.

Chupa safi nayo ina umuhimu wake. Mwaka 2023 nchini Marekani matone ya machozi bandia, yasiyohitaji cheti cha daktari na yasiyokuwa na kihifadhi, yaligundulika kubeba bakteria sugu. Waliothibitika kuambukizwa walikuwa 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, wengine wanne waliondolewa jicho, na wanne walifariki. Hayo yalitokea katika nchi yenye ukaguzi mkali. Sisi tunaonunua wakati mwingine kwenye meza ya kituo cha basi tusiidharau lakiri ya kifuniko, tarehe ya mwisho wa matumizi, wala jina la kiwanda. Lenzi za rangi zinazouzwa saluni nazo nazitia katika fungu hili: kinachogusa konea hakichaguliwi kama hereni. Na wanja, ambao pwani ni mapambo ya tangu enzi, wenyewe usiwe wa kushirikiana kijiti. Isitoshe, baadhi ya wanja umepatikana kuwa na madini ya risasi, hivyo msiwapake watoto wachanga.

Sasa nije kwenye jicho lililonyamaza.

Mtu mwenye kisukari huona vizuri, husoma ujumbe wa simu, huendesha gari lake. Nyuma ya jicho, mishipa midogo ya damu inaziba na kuvuja. Retina iliyokosa damu huomba msaada kwa kuotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu. Siku moja hupasuka, naye huamka akiona utando wa buibui au wingu jeusi. Hapo ndipo anaponijia, na mara nyingi husema, "Daktari, ugonjwa huu umeanza jana." Ulianza miaka mingi nyuma.

Kabla ya mwaka 1851 hakuna tabibu aliyeweza kuiona retina ya mtu aliye hai kwa urahisi. Mwaka huo Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alitangaza chombo cha kumulika ndani ya jicho kupitia mboni. Vyombo vyetu vya leo ni watoto na wajukuu wa chombo hicho. Mkoani Kilimanjaro, wataalamu wa KCMC walianza mwaka 2010 kupeleka kamera ya retina kwenye kliniki za kisukari, mgonjwa akapigwa picha pale pale anapokuja kupima sukari. Naupenda mpango wa namna hii kwa sababu haumsubiri mgonjwa aone giza.

Kanuni ya kupima ni hii. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina mara tu anapogundulika, kwa kuwa ugonjwa huwa umekaa mwilini kwa muda kabla ya kujulikana. Aliyeanza utotoni au ujanani kwa kisukari cha sindano apimwe ndani ya miaka mitano. Baada ya hapo, wote kila mwaka, au kwa kadiri daktari atakavyopanga. Mwanamke mwenye kisukari akishika mimba, apimwe mapema. Wenye selimundu nao, na wanaotumia haidroksiklorokwini kwa miaka mingi, wana sababu zao za kupimwa.

Hapa kuna jambo la kudai. Kusoma herufi ukutani si kipimo cha retina. Kupimwa miwani si kipimo cha retina. Retina imepimwa pale tu mtu alipoiangalia, na kwa kawaida hilo huhitaji matone ya kupanua mboni, au kamera maalumu. Matone hayo hufanya kuona kuwe na ukungu kwa saa chache, kwa hiyo msiende na pikipiki mnayoiendesha wenyewe. Mkitoka, ombeni mwandikiwe matokeo: jicho la kulia limekutwaje, la kushoto limekutwaje, na lini mrudi. Karatasi hiyo ni mali yenu.

Ikionekana kuna mishipa mipya, tiba ya siku nyingi ni leza. Utafiti mkubwa wa Marekani ulitangaza mwaka 1976 kwamba leza iliyopigwa kuzunguka retina ilipunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Hupigwa alama mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, kwa kikao kimoja au vichache. Naomba jambo moja lieleweke kabla hamjalipa: leza hulinda kilichopo, hairudishi kilichopotea. Wapo wanaolalamika kwamba wamelipa na hawaoni vizuri zaidi, na mara nyingi lawama ni ya sisi tusiowaeleza mapema. Inaweza pia kupunguza kidogo uoni wa usiku na wa pembeni.

Pale kitovu cha retina kinapovimba, siku hizi hutumika sindano ndani ya jicho. Sentensi hiyo huwakimbiza watu, lakini jicho hutiwa ganzi na kazi yenyewe huisha kwa sekunde. Mzigo mkubwa uko kwenye bei na marudio, kwani mwanzoni sindano huwa za kila mwezi. Hapo mnunuzi anahitaji maarifa. Kuna dawa iitwayo bevasizumabu, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, na kuna ranibizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani ulizilinganisha kwa wagonjwa wa retina ya uzeeni, na baada ya mwaka mmoja zilifanya kazi karibu sawa, ingawa huko dozi moja ya ya kwanza ilikuwa kama dola 50 na ya pili karibu dola 2,000. Mwaka 2015 utafiti mwingine, wa wagonjwa wa kisukari, uliongeza dawa ya tatu, aflibasepti. Macho yaliyopungukiwa kidogo yalinufaika karibu sawa kwa zote tatu. Yale yaliyopungukiwa zaidi yalinufaika zaidi na hiyo ya tatu katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo dawa nafuu si ya kudharauliwa, na ya ghali si ya kunyimwa bila maelezo.

Bevasizumabu huja katika chupa kubwa, na hugawanywa katika mabomba madogo. Mgawanyo huo usipofanywa kwa usafi kamili, vijidudu huingia moja kwa moja ndani ya jicho. Maafa ya namna hiyo yaliwahi kutokea Florida mwaka 2011. Ulizeni bila haya: dawa ni ipi, imegawanywa wapi, na lini? Baada ya sindano, jicho likianza kuuma zaidi, kuwa jekundu na kupoteza nuru ndani ya wiki moja, rudini siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu. Tatizo hilo ni adimu, chini ya sindano 1 katika kila 1,000, ila halisubiri kesho.

Kubanduka kwa retina ni dharura nyingine isiyouma. Vimulimuli vya mwanga, vidoa vingi vyeusi vilivyozuka ghafla, kisha kivuli kama pazia kinachoshuka au kupanda. Kitovu kikiwa bado hakijabanduka, upasuaji wa haraka unaweza kukiokoa. Kikishabanduka, kila siku ina bei yake. Hakuna matone ya kutibu hali hiyo, na anayewauzia matone kwa dalili hizo anawapotezea muda.

Mzazi akiona mng'ao mweupe katika mboni ya mtoto, labda kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, au makengeza yaliyozuka, ampeleke hospitali wiki hiyo. Huenda ni mtoto wa jicho. Huenda ni kansa ya retina, ambayo ikiwahiwa maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingine na jicho pia.

Wengi hawajui kwamba jicho moja limepungua, kwa kuwa la pili hulifunikia aibu. Leo jioni, funikeni jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, mtazame nondo za dirisha, kisha mbadilishe. Nondo zikionekana zimepinda, au sehemu imefutika, au jicho moja ni hafifu kuliko jana yake, nendeni mkapimwe. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya kamera, na mwenye kisukari asikitumie kama kisingizio cha kutokwenda kliniki.

Mwisho, dawa ya macho ikiwadhuru, acheni kuitumia, nendeni hospitali mkiwa nayo, na msitupe chupa, boksi wala risiti. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi ndiyo itakayomwezesha mkaguzi kujua chupa nyingine za kundi hilo ziko wapi. Taarifa zipelekeni kwa aliyewatibu na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Risiti ndogo mliyoipuuza ndiyo ushahidi wa mahali mliponunua, na duka lisilotoa risiti limekwisha kuwaeleza jambo moja muhimu kuhusu lenyewe.

Niko tayari kupokea maswali. Wenye majicho mekundu leo, tafadhali salamu za mkono tuziahirishe.